Sanduku la Mpingo na Maiki ya Padri

Mbagala Kuu,
Dar es Salaam.
11 Februari 2024

Mpwa wangu Yuliana, wajina wa mama yangu mzazi,

Kabla hujaendelea kusoma, ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye bila yeye Mbagala ingekuwa bubu. Kuanzia Rangi Tatu mpaka Kongowe hakuna spika inayolia, iwe ya harusi, ya msiba au ya mahubiri, ambayo mkono wa Gervas haujaipitia. Juzi wenye studio moja ya Tabata wamenitumia gari, tena lenye kiyoyozi. Nikamwambia dereva, braza, leo nina ishu ya familia, geuza. Akageuza na gari lake tupu.

Sie hapa wazima. Mke wangu, Mama Fakihi, mguu umepungua kuvimba na anakusalimu sana. Fakihi kapata kibarua kiwanda cha saruji kule Wazo, jioni anarudi mweupe kama kaangukia gunia la unga. Mvua bado. Joto lipo.

Sasa tuje kwenye shauri lako. Barua yako kondakta wa basi kaniletea imekunjwa kama sambusa, lakini nimeielewa yote. Mama, yaani bibi yako, ana rovu la shingoni, daktari anataka kulikata, na kamwambia wazi kwamba shingo ile ikiguswa sauti inaweza isirudi. Mama naye kagoma: haingii chumba cha kisu mpaka aimbe wimbo wake wa kubembeleza watoto kwenye maiki ileile ambayo padri wa zamani alimrekodia marehemu baba yangu, ili sauti yake ikakae na ya mumewe. Simu hataki. Umemwekea simu mdomoni akakugeuzia kisogo. Hapo nilicheka, maana ndiye mama yangu huyo.

Na maiki ipo, ila kisanduku chake cha umeme kiliungua. Yuliana, umefika mlangoni penyewe. Ile ni maiki ya valvu. Valvu ni chupa ya kioo yenye roho, haili betri ya tochi. Inataka umeme wa aina mbili kwa wakati mmoja, moto mdogo wa kuipasha tumbo na moto mkubwa wa kuipa nguvu ya kusikia. Atakayeichanganya ataiua. Tanzania hii wanaojua kuutengeneza umeme huo tulikuwaga wawili, na mwenzangu alishafariki.

Nipe wiki mbili. Mambo ya kitaalamu hayasemwi kwenye simu, tuandikiane.

Ni mie mjomba wako,
Gervas


Newala,
2 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Sisi huku tunaendelea. Korosho zimeisha, mbaazi tumeanza kupalilia, paa la jiko tumeezeka upya. Mama anakusalimu na anasema umkumbuke dada yako siku moja kwa kumtembelea, sio kwa kumsimulia magari.

Barua yako nilimsomea Bibi kwa sauti, kama anavyotakaga. Nilipofika kwenye gari la kiyoyozi alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa sasa hivi ni kazi kumrudisha. Analala amekaa, Mjomba. Akilala chali uvimbe unambana koo, anakoroma kama mtu anayezama. Hospitali wamempangia tarehe 22 Aprili.

Wiki mbili ulizoomba zimekwisha. Nimekupigia simu mara nyingi, hupokei. Ukipokea unasema "haya, haya, sawa" halafu unakata.

Mwalimu Nikodemu, anayefundisha fizikia sekondari hapa, ameipata karatasi ya zamani ya ile maiki kwenye stoo ya parokia. Anasema moto wa kupasha ni volti sita na kidogo, ule mkubwa ni mia na ishirini. Nimekunakilia yote nyuma ya ukurasa huu. Anasema pia kwamba sanduku la chuma la kawaida linatosha. Nakuomba Mjomba, kwa heshima zote, fanya la kawaida. Bibi hahitaji ajabu, anahitaji kuimba.

Mpwa wako,
Yuliana


Mbagala Kuu,
27 Machi 2024

Yuliana,

Salamu nyingi kama mchanga. Sie wazima, mvua imeanza, choo cha jirani kimehamia uani kwetu. Mama Fakihi kagombana na mwenye nyumba, kashinda.

Kwanza, hizo volti ulizonakili nilikuwa nazijua. Kichwani. Pili, huyo Nikodemu ni nani kwako? Barua moja umemtaja mara ya kwanza na tayari anampangia mjomba wako kazi. Kwetu sie mwanamume akianza kuingia kwenye barua za mpwa, anatakiwa kwanza aingie sebuleni kwa mjomba.

Sanduku hilo hapo, kondakta kalibeba kwa mikono miwili na kalalamika. Sikiliza lilivyo, ukamweleze na Mama. Umeme wa ukutani unatetemeka, hautulii, ni kama maji ya mtoni wakati wa masika. Ukimpa valvu maji yale atayaimba yote pamoja na tope. Kwa hiyo unayamimina kwenye mtungi, tope linazama, unachota ya juu, unamimina kwenye mtungi wa pili. Mitungi yenyewe ndiyo kapasita. Watu wa kawaida wanaweka miwili. Mie nimeweka minne, maana anayeimba ni mama yangu.

Na chuma nimekikataa. Baba yangu alikuwa mchongaji, babu mchongaji, leo nimpelekee mama bati? Nimechonga mpingo mzito mwenyewe, mfuniko na pande zote. Mbele kuna mama kabeba mtoto, ubavuni kuna watu wamebebana mabegani mpaka juu, yule wa juu kabisa kashika swichi. Mtu wa hoteli moja ya kitalii kaliona akataka kulinunua papo hapo. Nikamwambia hii ni mashine, sio pambo. Akapiga saluti.

Nimelijaribu mwenyewe. Kimya kama kaburi.

Gervas, fundi


Newala,
9 Aprili 2024

Shikamoo Mjomba,

Sanduku limefika salama. Watu wawili walilishusha. Bibi alipoona yule mama aliyebeba mtoto alilipapasa sanduku kwa vidole, kisha akaniambia, "Huyu Gervasi ana mikono ya baba yake." Tangu hapo lipo kando ya kitanda chake. Nimeanza na hilo ili ujue kwamba sina dharau.

Mjomba, linavuma.

Sisemi kidogo. Tuliwasha, tukangoja valvu ipate moto kama karatasi inavyoelekeza, Bibi akaimba ubeti mmoja. Tulipomrudishia asikilize, chini ya sauti yake kulikuwa na kitu kinanguruma tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi akauliza, "Huyo mwingine ni nani? Mume wangu hakuimba na mashine ya kusaga." Akavua kanga ya kichwani akaegemea mto. Hakutaka kurudia.

Halafu, Mwalimu Nikodemu alipochomoa waya ukutani akagusa ncha za waya wa maiki, akarushwa mpaka ukutani. Lilikuwa limezimwa! Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Anasema mitungi yako ilibaki imejaa kwa sababu hukuweka njia ya kuimwaga.

Anasema pia kwamba mbao haizuii mvumo. Transfoma inatupa mtetemo wake pande zote, na mpingo unauacha upite kama dirisha lililo wazi. Ingekuwa chuma kilichofungwa waya wa kwenda ardhini, mvumo ungeishia humohumo. Dawa ni kulivisha bati kwa ndani, nje libaki kama lilivyo. Yeye yuko tayari kuifanya kazi hiyo kesho.

Unaturuhusu tulifungue? Zimebaki siku chache.

Yuliana


Mbagala Kuu,
14 Aprili 2024

Yuliana,

Hatujambo.

Hakuna mtu wa kulifungua sanduku la Gervas! Mwalimu wa fizikia anajua fizikia ya ubaoni. Karushwa? Alidhani ni redio ya kaka yake? Kitu chenye nguvu kinang'ata hata kikilala, waulize waliofuga mbwa.

Nakuambia tena, nimelisikiliza mwenyewe hapa, kwa hedifoni, masikio yote mawili. Hakuna mvumo. Umeme wa huko kwenu ndio mkorofi, ndio uliokula hata kisanduku cha padri. Nimetengeneza pawa za redio za valvu tangu huyo Nikodemu ananyonya, na hakuna aliyewahi kurudi kuniambia inavuma. Hakuna hata mmoja.

Lirudisheni kwa basi. Nitalitazama mwenyewe. Na Mama mwambieni aende hospitali tarehe yake, wimbo ataimba akipona.

Gervas


Newala,
6 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Sanduku tulilirudisha tarehe 17 Aprili na kondakta alikukabidhi mkononi. Tangu siku hiyo hujaandika neno.

Tarehe 22 tulimfikisha Bibi hadi getini hospitali. Aliuliza sanduku la Gervasi liko wapi. Nikamwambia liko njiani. Akasema basi na yeye yuko njiani, akageuka, akarudi kwenye pikipiki. Daktari alinisema mbele ya watu kama mtoto mdogo. Ametupa tarehe nyingine, 3 Juni, na amesema ikipita hiyo tusimtafute, maana pumzi za Bibi hazitamngoja mtu.

Umesema ataimba akipona. Mjomba, hukusoma? Anaweza asiimbe tena. Ndiyo maana ya mambo yote haya!

Kama kazi imekushinda, sema imekushinda. Hakuna atakayekucheka. Hapa kila mtu aliisikia ile ngurumo, Mama, mimi, wanakwaya, hata mpishi wa parokia aliyekuja kuomba chumvi. Wewe peke yako ndiye unasema kimya. Wakati mwingine nadhani unafanya makusudi, kwamba hutaki mama yako akatwe, na sanduku ni kisingizio. Kama ni hivyo, njoo umwambie mwenyewe.

Hii sijamsomea Bibi.

Yuliana


Mbagala Kuu,
21 Mei 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote. Mguu wa Mama Fakihi umepona kabisa. Fakihi wamempa kofia ya njano kazini, sasa anajiona injinia.

Barua yako nimeisoma. Umenisema vikali, na mtoto wa dada hamsemi mjomba namna ile, lakini naliweka pembeni kwa sababu ya wakati. Kuhusu kukatwa, mie nataka Mama apone kuliko wewe unavyotaka. Nisingependa kurudia.

Sanduku hilo. Nimelivua lote. Ndani nimelivisha bati la debe la mafuta ya kula, pande zote na mfuniko, pembe nimezilehemu, na waya wa athi umetoka nyuma, wa kijani na njano. Mtafute mahali penye unyevu mchomeke chuma ardhini, mfunge hapo. Transfoma nimeizungushia bati lake la peke yake, nguo juu ya nguo. Nimeweka na njia ya kuimwaga mitungi, kwa hiyo mkichomoa mhesabu polepole huku mkisali Salamu Maria tano, haitang'ata tena. Waya wa kwenda kwenye maiki nimeurefusha. Sanduku likae chumba cha pili, mlango ufungwe, Mama na maiki wabaki chumbani. Akisema anataka kuliona, mwambieni linamsikiliza ukutani.

Wazo la bati nilikuwa nalo tangu mwanzo, nilitaka tu kuona kama mtaligundua.

Tumelijaribu siku mbili mfululizo. Halivumi. Hili ninakuapia, na safari hii kiapo kina mashahidi.

Likigoma, Nikodemu alifungue. Nimeandika. Weka barua hii ushahidi.

Gervas


Newala,
12 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Tumeshukuru Mungu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kivulini nyuma ya wodi, Bibi amelala. Amelala chali, Mjomba. Hakuna mkoromo, anapumua kama mtoto.

Nikueleze kwa mpangilio. Sanduku lilifika Ijumaa. Jumapili baada ya misa wanakwaya walifukuza kuku uani, Mwalimu Nikodemu akachomeka chuma cha ardhini pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo, sanduku tukaliweka chumba cha Mama. Tukawasha tukangoja. Nikavaa hedifoni. Mjomba, nilidhani maiki imekufa. Palikuwa patupu. Halafu Bibi akameza mate, nikaruka.

Aliuimba wote. Beti tano, hata ule wa mwisho ambao mimi sikuwahi kuusikia, anasema aliuimbaga mtoto akishalala ili asiusikie. Pale alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu yenye maneno, na maiki iliibeba. Nilipomrudishia alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Hapo sawa. Hapo baba yake Gervasi atanijua." Jumatatu akatembea mwenyewe kuingia hospitali, akawatania manesi.

Kisu kilikwenda vizuri. Sauti, kama walivyosema, haijarudi. Anaongea kwa upepo, inabidi uinamishe sikio mdomoni kwake. Daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Yeye mwenyewe hasikitiki. Anasema alichokuwa nacho keshakiweka mahali.

Wimbo wake na wa Babu nimeuweka kwenye flashi, nimeishonea ndani ya kitambaa pamoja na barua hii.

Nisamehe kwa barua ya Mei. Si yote, ile sehemu ya makusudi tu. Mengine ulistahili.

Mwalimu Nikodemu anauliza kama anaweza kuja Mbagala mwezi wa nane na wazee wake wawili. Sijasema kitu, nimefikisha tu.

Yuliana


Mbagala Kuu,
30 Juni 2024

Yuliana mwanangu,

Hapa kila mtu mzima, na habari za Mama zimetufanya tuchinje kuku ambaye Mama Fakihi alikuwa anamtunza kwa Idi iliyopita akamwonea huruma. Majirani wamekuja kula wakidhani ni harusi. Nikawaambia ni zaidi ya harusi, ni mashine yangu imeingia historia. Mwenye studio wa Tabata kasikia habari, anataka sanduku kama lile. Nimemwambia mpingo umepanda bei na kichwa changu pia.

Nikodemu aje. Mtu aliyerushwa na umeme wangu na bado anataka kuingia kwenye ukoo huu, huyo ana moyo. Ila umwambie akiketi sebuleni akae upande wangu wa kulia, na aongee kwa nguvu kama anafundisha darasa zima, asinung'unike kama waposaji wanavyonung'unikaga.

Sasa barua hii isome peke yako, Mama usimsomee kuanzia hapa.

Ule mvumo, mie sikuusikia hata siku moja. Sio kwamba nilikudanganya. Nilivaa hedifoni, nikakaa, nikaona kimya, nikasema kimya. Ulivyoandika kwamba mpaka mpishi wa parokia anausikia, nikamwita Mama Fakihi nikamvika yeye. Akazivua upesi akaniuliza, "Baba Fakihi, wewe husikii hili trekta?" Basi kazi ile yote ya bati tumeifanya hivyo, mie nalehemu, yeye kavaa hedifoni kanikalia mbele, ananitikisia kichwa. Bado. Bado. Bado. Siku ya pili akanyanyua mkono akasema basi. Hao ndio mashahidi wangu. Sikio la kushoto halipo, la kulia linachagua.

Flashi tumeipiga jana, familia nzima. Baba nimemsikia, maana alikuwaga na sauti ya kuita ng'ombe. Mama nimemsikia beti nne. Wa tano nikaona Fakihi kainamisha kichwa, Mama Fakihi kajifuta macho na upindo wa kanga, nami nikajifuta, kwa kuwa wenzangu wanajifuta. Nimeongeza sauti mpaka mwisho wa kitufe, mwenye nyumba kagonga dirisha. Sikupata kitu. Nimewauliza kasema nini, wote wawili hawajui, maana Mama Fakihi ni Mndengereko na Fakihi nimemlea kwa Kiswahili cha Mbagala.

Niandikie maneno ya ubeti ule, kwa Kimakonde kama alivyoyasema, na uyaandike makubwamakubwa. Nataka kujua alikuwaga ananiambia nini nikishalala.

Mjomba wako,
Gervas